Alipanda Jumbo, Hakushuka

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo taabu ilipotuingilia nyumbani. Kabla ya hapo tulikuwa maskini, lakini maskini wa kula na kushiba. Baba na mama walikuwa wameshakufa, nami nikilelewa na dada yangu mkubwa na mumewe katika nyumba ya ghorofa moja ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro chembamba hivi kwamba jirani wa mbele akikosa chumvi unampa mkononi kwa dirisha. Shemeji alikuwa fundi wa mashine za boti huko Liwatoni. Mtu wa maneno machache na miguu mirefu. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akituletea samaki mzima, si kichwa.

Mwaka huo akapata kazi Ulaya, kwenye karakana ya meli. Na hakwenda kwa meli. Alikwenda kwa jumbo.

Watoto wa siku hizi ukiwatajia jumbo hawashtuki, maana ndege zao zote zafanana. Jumbo ilikuwa na injini nne, na nundu kichwani kama ya ng'ombe, na ndani ya nundu mna ghorofa ya pili na ngazi ya kupandia. Shirika moja la Ulaya lililokuwa likileta watalii ndilo lililoanza kutuletea, mara moja kwa wiki, Alhamisi baada ya alasiri. Ilizunguka juu ya kisiwa kabla ya kwenda kutua bara, chini chini, na ikipita vikombe vya kahawa vinalia kabatini kama meno ya mtu mwenye homa. Watu wazima walikuwa wakikata maneno mpaka ipite, kisha wakaendelea walipoachia.

Siku ya safari dada alizifukiza nguo za mumewe udi tangu asubuhi. Udi wa dada alikuwa akiupika mwenyewe. Kwetu kila mwanamke ana mkono wake: huyu sukari yake yaungua zaidi, yule atia miski, mwengine marashi. Wa dada ungeujua hata ukiwa umefumba macho, kwa sababu alikuwa akitia maganda ya ndimu yaliyokauka, jambo ambalo hakuna mwengine mtaani aliyelifanya, na waliojaribu waliharibu. Tukamsindikiza mpaka uwanjani. Tulisimama kwenye ukuta wa kutazamia, tukamwona akipanda ngazi na koti lake la kuazima. Kwenye kidato cha mwisho aligeuka, akatupungia kofia. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Aliyekwenda kumpokea kule alikuwa mtu wa mtaa wetu, baharia wa zamani, mkweli. Alileta habari kwamba alisimama mlangoni mpaka abiria wa mwisho, mpaka marubani, mpaka wafagiaji. Shemeji hakushuka. Watu wa shirika walipoulizwa walisema abiria alipanda, jina lake limo, na zaidi ya hapo hawana la kusema.

Mimi nina maoni yangu, na sijawahi kuyaficha. Jumbo ile ilitua njiani kutia mafuta. Shemeji alishuka huko, akaona mji mzuri, akaenda zake. Wanaume wamefanya zaidi ya hayo na ngazi fupi zaidi ya hizo.

Lakini dada kwake mambo yalikuwa mepesi. Alipanda, hakushuka, basi yumo.

*

Njaa haikungoja tujue yuko wapi. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kufua. Nilifulia nyumba za Tononoka, mlango kwa mlango, za wafanyakazi wa reli na wa bandari, watu wa bara wengi wao, waliokuwa na mashati meupe na wake walio mbali. Mikono yangu ilichubuka kwa sabuni ya mche mpaka nikawa siwezi kula pilipili. Nasema hivi si nionewe huruma. Nasema kwa sababu wapo wanaoniona leo wakadhani nilirithi.

Nilipofika miaka kumi na minane nikasikia kuna kampuni yatafuta wanawake wa kusafisha ndege ndani, zikishatua. Nilitegemea dada angekataa, maana alikuwa mkali, msichana kuvuka daraja la Makupa kwenda bara peke yake kwake lilikuwa neno zito. Akaniuliza ndege gani.

"Zote. Na jumbo."

Akaniketisha, akanisuka nywele mwenyewe, taratibu, kama anisukaye kwa harusi. Alipomaliza akaniambia, "Nenda ukaniangalilie."

Nikaenda. Nilikuwa napewa kufagia juu, kwenye nundu, kwa sababu nilikuwa mwembamba na zile jumbo za kwanza ngazi yake ilizunguka kama kombe la konokono, mama mnene na ndoo hapiti. Kule juu, abiria wakishashuka, kulikuwa na ukimya ambao sijaukuta mahali pengine popote, wala msikitini, wala makaburini. Kuta zake nene zilimeza sauti. Ukikohoa, kikohozi chako kinakwisha mdomoni. Na viti vyote vimekupa mgongo, kama watu waliosusa.

Mwanzo nilikuwa nikitafuta kwa kumridhisha dada tu. Nafungua choo, nafunga. Nafungua kabati la makoti, nafunga. Msimamizi wetu, mtu wa Rabai mwenye utani, aliniona.

"Wee binti, kila wiki wafungua kabati hilo. Umepoteza nini, mume?"

"Si wangu."

"Ala! Wamtafuta wa mwenzio?" Wenzangu walicheka mpaka wakaacha kufagia.

Basi Alhamisi moja nikaona kiti kimoja, cha dirishani, upande wa kushoto, mkanda wake umefungwa. Hakuna mtu, na mkanda umebana pale panapokuwa tumbo. Nikaufungua, nikafagia. Alhamisi ya pili, umefungwa. Nikaufungua. Shirika lile lilikuwa na jumbo kadhaa, si moja, na mimi nilikuwa nazijua kwa alama zake, hii ina mkwaruzo mlangoni, ile zulia lake limeungua. Ikija hii, kiti kile kile, umefungwa. Ikija ile, umefungwa. Nikamwuliza msimamizi. Akasema wahudumu ndio wafungao mikanda ya viti vitupu, isining'inie.

"Mbona huo mmoja tu?"

Akanitazama. "Fagia," akasema. Na hakutia utani.

Siku moja nilitia mkono juu ya kiti kile. Kilikuwa na joto. Utasema Mombasa kila kitu kina joto, na ni kweli. Lakini mashine ya baridi ilikuwa bado yafanya kazi, na viti vya jirani nilivigusa pia. Vilikuwa baridi kama bilauri.

Nikirudi nyumbani dada alikuwa na maneno yale yale.

"Umemwona?"

"Sikumwona."

"Juu je?"

"Juu pia."

"Haya. Osha mikono ule."

Habari ya kiti sikumwambia. Angetaka kwenda kukikalia.

*

Kufagia ndege hakutajirishi mtu. Nilichokiona mimi, na wenzangu hawakukiona, ni mablanketi. Jumbo moja ilikuwa inashusha mablanketi machafu marundo kwa marundo, na kulikuwa na matatizo kila wiki ya nani ayafue. Nikamwendea msimamizi nikamwambia, nipe mimi. Akacheka. Nikamwambia, cheka, kisha unipe. Akanipa kidogo, kwa kunijaribu. Niliyafua kwa mkono juu ya dari ya nyumba yetu, nikayaanika kwa jua la Mombasa, nikayarudisha yamekunjwa sawasawa kama mikate ya mofa. Baada ya hapo hawakumpa mwengine. Nikanunua mashine ya kwanza ikiwa mbovu, nikaitengeneza. Nikanunua ya pili. Nikaajiri wanawake. Ndege ile ndiyo iliyomchukua aliyekuwa akitulisha, na ndiyo niliyoilazimisha itulishe. Hilo najivunia na nitazidi kujivunia.

Dada ndiye aliyekuwa mfanyakazi wangu wa kwanza. Lakini alikuwa na jambo lake. Blanketi lolote, kabla halijaingia majini, alilinyanyua akalinusa. Moja moja. Wanawake wakimtania, "Bibi, utavuta mafua ya Wazungu hayo!" Naye hajibu, anusa, aweka, anyanyua jengine.

Nikamwachia. Ilichelewesha kazi, lakini ningefanya nini?

Miaka ikapita, simwingilii. Kisha siku moja, adhuhuri, mimi niko chini nawahesabia watu sabuni, akaniita. Si kwa kelele. Aliniita jina langu la utotoni ambalo hakuna mwengine aliyebaki wa kulijua. Nikapanda darini. Alikuwa amesimama katikati ya kamba za nguo na blanketi kifuani.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Pua yangu haijasoma lakini haidanganyiki. Ulikuwa udi. Sukari, miski, na nyuma yake maganda ya ndimu. Si wa zamani. Kama nguo iliyotolewa kwenye chetezo jana.

Blanketi lile halikufuliwa. Alilikunja akalipeleka chumbani kwake.

Tangu siku ile nikawa sina la kumwambia. Na nilikuwa na mengi, kwa sababu wakati wake ulikuwa unakwenda. Alikuwa mwanamke mzuri, angali na nguvu. Alikuja mtu kumposa, muuza halua wa kichochoro cha nyuma, mfiwa, mpole, mikono yake inanukia hiliki. Akaja na sheikh. Sheikh akamweleza dada kwa utaratibu kwamba mume akipotea kiasi hicho, sharia imeshamfungua mke, aweza kukaa eda yake, ikiisha aolewe.

Dada alikuwa nyuma ya pazia. Akajibu, "Sheikh, maiti hajaoshwa. Hajatiwa pamba, hajavishwa sanda, hajaelekezwa kibla. Nikae eda ya nani?"

Sheikh akasema si lazima maiti aonekane.

"Kwako si lazima," akasema dada. "Mimi nilimwona akiingia akiwa mzima."

Muuza halua akangoja mwaka, akaoa Makadara.

Huo ndio ulikuwa mzigo wangu miaka yote hiyo, na nauandika wazi. Sikutaka shemeji arudi. Nilitaka dada yangu akubali kwamba hayuko, atoke mle ndani, aishi. Maana alikuwa hatoki, ila kwenda kuosha maiti wa mtaani. Hakulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja, hakula chakula kilichopikwa mahali pengine, asije mumewe akakuta mlango una kufuli. Mimi nilijenga Tononoka, nyumba ya ghorofa mbili, nikamwekea chumba chenye dirisha la upepo. Hakuja kukiona. Na nyumba ya Mji wa Kale ilikuwa inaoza juu ya kichwa chake. Boriti za dari zilishaliwa na mchwa, ukizigonga zinatoa unga. Nikimleta fundi, dada asema asifungue chumba cha mbele kwa sababu Alhamisi anakihitaji. Kila Alhamisi alikaa chumba hicho, amevaa leso safi, vikombe vimepangwa kabatini, akingoja vilie.

*

Jumbo nayo ilizeeka. Zile za ngazi ya konokono zilikwenda, zikaja za nundu ndefu na ngazi iliyonyoka. Hizo pia zikachakaa. Yule msimamizi wetu wa Rabai, ambaye alishastaafu na kuhamia kwa bintiye huko huko Ulaya, alikuwa akinipigia simu kunipa habari. Aliniambia injini nne zinakunywa mafuta kama ngamia, siku hizi ndege ya injini mbili yafika kule kule kwa nusu ya gharama. Shirika likawa lapunguza moja moja. Kwetu ikawa inakuja msimu wa watalii peke yake. Kisha ukaja mwaka wa korona, anga ikafungwa, na shirika likasema basi. Jumbo zote zimestaafu, hata safari ya kuagana haitakuwako.

Siku niliyopata habari hiyo nilikuwa nimekwenda kumwangalia dada. Sikuweza kutoka tena. Serikali iliufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, kwa sababu ya maradhi. Nikabaki naye chini ya boriti zile, na masika ndiyo yameanza.

Nani aliyewahi kuuona Mji wa Kale bila watu? Mimi nimeuona. Milango yote imefungwa mchana kweupe. Adhana inaadhiniwa, inakwisha, na husikii kiatu. Paka wamelala katikati ya njia, hawampishi mtu kwa kuwa hakuna wa kumpisha. Unasikia maji ya mvua yakitoka kwenye mlizamu wa nyumba ya saba. Ukimya ule niliujua. Ulikuwa ni ule wa juu, kwenye nundu.

Alhamisi ya kwanza, baada ya alasiri, dada alivaa leso safi akakaa chumba cha mbele. Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia ndege zimesimama dunia nzima. Kisha vikombe vikaanza kulia.

Kidogo kwanza, kimoja. Halafu vyote. Vioo vya kabati vikawa vyatetemeka, nami nikausikia mngurumo kifuani, ule ule, wa injini nne zikiinama juu ya kisiwa.

"Yaja," akasema dada.

"Hakuna ndege, dada. Anga imefungwa."

"Na hivyo vikombe vyatikiswa na nani, na mimi?"

Nilikimbia darini, magoti yangu na yote. Mawingu meupe, matupu. Mngurumo ulipita juu yangu, ukaelekea bara, na hakuna kilichopita. Jirani wa mbele alikuwa dirishani na barakoa yake.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"N'ni hicho?"

"Lori."

"Lori gani, mama, na mji umefungwa?"

"Basi kama wajua si lori mbona waniuliza?"

Akafunga dirisha. Alhamisi iliyofuata hakufungua kabisa.

Ikawa hivyo kila wiki. Ndege zilipokuwa zikija kweli, angalau uliona tumbo lake jeupe ukajua n'nini. Hii sasa ilikuja sauti tupu. Dada akawa hatoki tena chumba cha mbele, hata chakula nampelekea. Udongo wa dari ulimdondokea begani naye hapangusi. Niliogopa. Si ndege, wala si boriti. Niliogopa kwamba atakufa pale pale, mikono mapajani, akingoja.

Ndipo yule msimamizi akanitumia picha kwenye simu. Nilikuwa nimemwuliza jumbo zetu ziko wapi. Picha ilikuwa ya jangwa, mchanga mwekundu na hakuna mti, na jumbo zimepangwa safu. Nikaitazama vizuri. Midomo ya injini imezibwa kwa kitambaa. Madirisha ya marubani yamefunikwa nguo nyeupe, kila kitobo kimezibwa. Hata magurudumu yamezongwa.

"Waona nini?" dada akaniuliza.

"Hakuna."

"Nipe."

Alivaa miwani yake, akaisogeza simu karibu na uso. Alitazama muda mrefu, nami nikimtazama yeye. Dada yangu ameosha maiti wengi wa mtaa ule, wanawake wenzake. Kidole chake kikawa chapita juu ya kioo.

"Nani aliyezikafini?"

"Ni mafundi, dada. Wamefunika mchanga usiingie."

"Pua wameziba pamba. Macho wamefunika. Miguu wamefunga." Hakuwa akiniambia mimi. "Zimeelekezwa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Uliza."

Ungemsikia sauti yake ungeuliza. Nikampigia msimamizi.

"Bwana, hizo ndege zimeelekea wapi?"

"Haziendi popote, mama, zimelala."

"Nimesema zimeelekea wapi. Pua zake."

"Ati pua? Haya, ngoja..." Nikamsikia akimwuliza bintiye. "Mashariki. Zote zimetazama mashariki. Kwani vipi?"

Kule Ulaya ziliko, kibla ni mashariki, si kaskazini kama kwetu. Nikakata simu. Dada alinitazama, hakuhitaji nimwambie. Akasema innalillahi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeletewa habari mlangoni. Kisha akavua bangili. Akavua vipuli. Akaosha wanja machoni kwa maji. Akaniambia nimtolee nguo nyeupe.

Nikampigia sheikh, mtoto wa yule sheikh wa zamani.

"Sheikh, asalaam aleikum. Dadangu ataka kukaa eda."

"Innalillahi. Ya nani, mama?"

"Ya mumewe."

"Si yule aliyepotea? Amepatikana?"

"Imepatikana ndege."

"Mama, kisharia eda hiyo ilishapita zamani. Haimlazimu."

"Mwambie wewe basi. Ameshavua dhahabu."

Akasema, "Muache akae. Mji mzima umekaa eda mwaka huu, mmoja zaidi hatadhuru."

*

Sasa kumbe nimejifunga mwenyewe. Dada amekubali mumewe amekufa, jambo nililolililia miaka arubaini na zaidi, na kwa kukubali hivyo hawezi kutoka ndani miezi minne na siku kumi. Ndani ya nyumba ile ile, na mvua ile. Mafundi hawaingii mjini. Nikafanya mwenyewe. Niling'oa mbao za kitanda cha zamani nikazisimamisha chini ya boriti, nikazipigilia kabari. Mwanamke wa umri wangu, na nyundo. Ziliposhika nikazisukuma kwa bega, hazikutikisika. Kazi yangu haianguki.

Mjane hagusi manukato. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nyumba ile haikunukia chochote. Chetezo kilioshwa kikageuzwa juu chini. Vikombe navyo Alhamisi vilitulia, nami nikaanza kulala vizuri.

Kisha, eda ikiwa katikati, Alhamisi, baada ya alasiri, nikausikia udi. Ulitoka chini, ukapanda ngazi za nyumba yetu polepole, kama mtu asiye na haraka. Miski, sukari, maganda ya ndimu. Nikamtazama dada. Alikuwa ameacha kusukuma tasbihi.

Mlango wa chini ukagongwa. Kwa pete ya chuma, mara tatu, kistaarabu.

Nikaenda dirishani nikachungulia. Kichochoro chetu chembamba, mwanzo wake na mwisho wake naviona vyote viwili. Hapakuwa na mtu. Paka mmoja alikuwa amesimama, mgongo juu, akitazama mlango wetu. Na pete, naiona kwa macho yangu haya, ikanyanyuka ikagonga tena.

"N'nani?" dada akauliza kwa sauti ya chini.

"Simwoni."

"Ni mwanamume?"

Udi ulikuwa umejaa chumbani mpaka koo likaniwasha. Nikasema, "Nadhani."

Dada alijitanda leso mpaka usoni. Aliinuka nusu, nikajua akitaka atashuka kufungua, na akifungua sijui nitampata wapi tena. Akashika tasbihi yake kwa nguvu.

"Mwambie niko edani," akasema. "Sionani na mwanamume."

Nikatoa kichwa dirishani, nikasema kwa kelele kwenye kichochoro kitupu, "Mwenye nyumba yuko edani! Haonani na mwanamume!"

Kisha nikasikia hatua. Hatua ndefu, za mtu mwenye miguu mirefu, zikishuka kuelekea baharini. Paka aligeuza kichwa akizifuata kwa macho mpaka zikakata kona. Harufu ikawa yapungua, yapungua, mwisho nikawa nanusa mvua.

Labda alikuwa mtu wa serikali wa kupima homa, akasimama pasipoonekana. Naliweka hilo hapa kwa wenye kulihitaji.

"Kenda?" dada akaniuliza.

"Kenda."

"Kama ndiye," akasema, "kachelewa." Akaomba maji ya kunywa. Baadaye kidogo akalala, na alikoroma, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya.

*

Eda ilipokwisha mji ulikuwa umeshafunguliwa. Mimi na wanawake wa mtaa tulimwogesha kumtoa eda, tukamvua nguo nyeupe tukazigawa, akavaa leso mpya ya rangi ya machungwa aliyoichagua mwenyewe, na buibui juu. Nilikuwa nimeleta gari mpaka mdomo wa kichochoro. Alitoka mlangoni, akafunga kufuli, akanikabidhi ufunguo. Nikamwambia dereva Tononoka.

"Wacha," dada akasema. "Nasikia harufu ya viazi."

Tukaenda mpaka kule kwenye mnara wa taa, ambako wanauza viazi vya karai. Dada, mwenye miaka sabini na ushei, ambaye hakuwahi kula nje tangu mumewe aondoke, akasimama mbele ya karai akamtazama muuzaji.

"Mwanangu, ukwaju wako una nini? Umeutia maji ya mfereji?"

"Bibi, huu ukwaju wasifiwa mpaka Malindi."

"Na huko Malindi walikosa nini, ulimi? Nitilie pilipili."

Alikula akiwa amesimama, vidole vikimtona. Matatu zinapiga honi, watoto wanalia, mtu anauza madafu kwa kelele. Akaniambia, mdomo umejaa, "Mji huu una kelele, wee! Mwalala vipi?" Akaagiza sahani ya pili. Jioni akakiona chumba nilichomwekea, akasema pazia ni baya, na kesho yake akalibadilisha.

Leo ninachomiliki ni hiki. Nyumba ya Tononoka, ghorofa mbili, haina deni. Duka la dobi lenye mashine sita za kufua, mbili za kukausha na pasi tatu za mvuke. Gari moja la mizigo, dogo. Nusu ya nyumba ya Mji wa Kale, nusu ni ya dada, ina boriti mpya, haina mpangaji. Kitanda cha mvule. Friji mbili. Kuku kumi na moja. Pasipoti moja, haijagongwa muhuri.